Risiti Namba 510511

Ilikuwa imegongwa kwa wino wa zambarau
kwenye risiti ya gunia la mwisho, siku kiwanda
cha kukobolea kahawa pale Moshi kilipofunga msimu:
laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi na moja.
Shangazi Elinisafi aliitia kwenye sidiria,
tukashika njia ya Kiusa na matope ya mvua za kwanza.

Umeme ulikatika. Mimi nina mtihani wa hesabu Jumatatu,
yeye ana vidole vinavyonuka kahawa mbichi,
miaka ishirini akichambua buni, nzima huku, mbovu kule.
"Nipe kalamu," akasema. "Tuichambue na hii."

Mbili: ni witiri, inabaki moja.
Tatu: jumlisha tarakimu, kumi na tatu, inabaki moja.
Tano, moja. Saba akaigawa kwa mkono
nyuma ya kalenda ya dayosisi: moja.
Kumi na moja, moja. Kumi na tatu, moja.
Kumi na saba, mshumaa ukishuka hadi kwenye kisahani:
moja, ileile,
kama mgeni asiyejua kuaga.

Nikafunga daftari.
"Imegoma, Shangazi. Hii ni tasa."

Neno likaanguka kati yetu kama sufuria.
Kule Marangu waliligonga mlangoni kwake
miaka saba, mwaka kwa mwaka,
mama mkwe akihesabu, mawifi wakihesabu,
kisha wakamrudisha na sanduku la bati
na blanketi moja.
Sikukumbuka. Nilikuwa nasoma hesabu tu.

Hakuinua uso.
"Nani kakwambia mambo yanaishia kumi na saba?"
Akaandika kumi na tisa. Akashusha. Akatoa. Akashusha.
Mstari wa mwisho ukawa sifuri,
mviringo, tupu, safi kama tundu la sindano.

Ishirini na sita elfu, mia nane sitini na tisa.
Hiyo ilitutoa jasho hadi mshumaa wa pili:
tisini na saba mara mia mbili sabini na saba,
na hizo mbili hazikumfungulia mtu tena.

"Kumi na tisa ni nini?"
Tasa.
"Tisini na saba?"
Tasa.
"Na huyu mkubwa?"
Tasa, Shangazi.
"Basi tasa watatu wamezaa laki tano
na chenji."

Alicheka peke yake. Sikujua kama nami naruhusiwa.
Akakunja risiti, akairudisha ilikotoka,
akanikumbusha kuandika jina juu ya karatasi ya mtihani,
maana huwa nasahau.
Mvua ilikuwa imeacha. Labda mlima ulikuwa wazi,
lakini ilikuwa usiku, na hakuna aliyetoka kuutazama.