Makarani wa Damu

Aliletwa kapuni, kapu la mkonge, kanga ikiwa kifuniko.
Bi Mishi wa Barabara ya Kumi na Tatu
alisukuma baiskeli toka Ngamiani, hakuipanda.
"Mpime. Ukimkuta nayo, leo hii namwaga paka Mgandini,
akale vichwa vya samaki na wenzake."
Nyuma yake Rukaiya, kichwa kimenyolewa,
mapunye matatu juu ya sikio
kama zile senti za zamani zenye tundu,
zisizonunua kitu.

Paka mwenyewe safi. Masikio mazima, mkia mzima.
Nikafunga dirisha, nikawasha taa ya zambarau:
hakuna unywele uliong'aa kijani.
"Hana," akasema Rukaiya, mbio, kama wakili.
Ngoja, mwanangu.

Daktari Shekiondo akamviringa kwa taulo kama sambusa,
nikavuta damu shingoni, haijai kijiko.
Ikaganda. Juu yake yakabaki maji mepesi,
rangi ya singa za mkonge zilizoanikwa.

Ndani ya maji hayo wamo makarani.

Sijawahi kuwaona. Naijua kazi yao tu:
kila mgeni anayebisha kwenye ngozi
wanamwandika, umbo la pua, mshono wa kiatu,
na daftari lao haliungui upesi.
Sahani yangu ina vishimo tisini na sita.
Chini nimepaka kuvu iliyouawa, ikasagwa.
Karani anayemjua marehemu atamng'ang'ania;
asiyemjua ataondoka na maji ya kuoshea.
Kisha rangi. Kisha kungoja.
Umeme ukakatika, jokofu likanyamaza,
likakohoa, likarudi.

Safu ya tatu, kishimo cha nane:
manjano, kama kiini cha yai la kienyeji.

Bi Mishi akashika kapu. "Ndiye."

Hapa ndipo ninaposhindwa kila siku.
Bibi, daftari linasema kuvu ilipita.
Halisemi ipo. Halisemi ilipita lini.
Halisemi nani alimpa nani:
huenda mtoto ndiye aliyempelekea paka,
kwa mtandio anaoazimana na binti wa jirani.

Na lipo jingine, sikumwambia.
Karani si askari.
Nimeona paka mwenye daftari nene
na mgongo umeliwa hadi kiunoni.
Kalamu haikumtoa mgeni. Wanaomtoa ni wengine,
chembe zinazokwenda ngozini zenyewe, mikono mitupu,
na sahani yangu haizihesabu.
Mwaka juzi tuliwachanja paka kumi na wawili wa ghalani.
Makarani wakaajiriwa kwa mafungu,
sahani nzima ikawa manjano, tukapongezana kwa soda.
Mwezi haukuisha, choa kikawarudia tisa.
Daktari akaandika ripoti.
Sentensi ya mwisho aliifuta mara tatu.

Askari hufundishwaje? Bado sijui.

Nikampiga paka mswaki mpya,
nywele nikazipanda kwenye chakula cha kuvu.
"Wiki mbili," nikasema.
"Wiki mbili! Alale wapi?"
Kuvu haina haraka, Bibi. Haijawahi kuwa nayo.

Alhamisi ya pili sahani ilikuwa tupu,
hata uzi wa pamba haukuota.
Basi aliugua, akapona, huko huko chini ya kitanda,
bila kumwomba mtu dua wala dawa.

Rukaiya akagusa sikio lake, pale nywele zinapochipua.
"Na mimi wananiandika?"
Wanakuandika.
"Na jina langu?"
Nikacheka, nikakosa jibu.

Bi Mishi alikuwa anauliza habari ya mtandio.
Uchemshe, nikamwambia, na kitana, na foronya.
Akaitikia, akaandika kwa wino mkononi,
kisha akalitazama kapu kitambo kirefu
kama mtu aliyekutana na anayemdai.