Kabla ya Lebo

Bwana Kashindye, karibu, kaa hapo penye feni.
Asali yako nimeionja, ni ya msituni kweli,
ina moshi kidogo mwishoni, kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.
Lebo nitakuchorea.
Lakini kwanza soma karatasi hii.

Usikunje uso. Si hati ya mashtaka.
Mwaka jana, hapa hapa Ng'ambo, kwenye kiti hicho hicho,
alikaa mwenye mashine ya kukoboa mpunga
akaniomba nembo moja.
Tukapeana mikono. Wake ulikuwa na pumba,
wangu ukabaki na pumba.
Siku ya tatu: "Dada Nyamizi, na bango la barabarani. Dogo tu."
Siku ya saba: "Na maandishi ya kwenye lori, mbele na nyuma. Kidogo tu."
Kisha fulana za vijana wa kupakia,
kisha kadi za harusi ya shemeji yake wa Nzega.
Bibi harusi hakupenda zambarau,
akapenda zambarau,
akataka rangi iliyo katikati ya kupenda na kutopenda.

Kidogo tu huja kama siafu:
wa kwanza unampangusa, hata humwambii mtu.

Malipo yalifika mwezi wa tano,
gunia moja la chenga.
Mama aliupika wali ule bila kuniuliza kitu.
Vijiwe ndivyo vilivyoniuliza, mdomoni, kimoja kimoja.

Basi soma. Nimeandika kwa Kiswahili cha sokoni.
Kazi ni lebo moja, ya chupa ya nusu lita.
Chupa ya robo ni kazi nyingine, na ndoo ni nyingine.
Michoro mitatu, uchague mmoja.
Kurekebisha mara mbili. Mara ya tatu ina bei,
nimeiandika ili nisione haya kuitaja.
Nusu ya fedha kabla sijawasha kompyuta,
nusu kabla hujaondoka na faili.
Na mjomba wako anayejua rangi, anisemeshe kupitia kwako,
asinipigie usiku.

Wewe mtu wa hapa, stesheni unaijua.
Reli inafika Tabora inagawanyika,
huku Mwanza, huku Mpanda, huku Kigoma.
Mwenye tiketi ya Urambo hamshiki dereva shati:
"Kwa kuwa tumeshafika, nisogeze Kigoma. Kidogo tu."

*

Alisoma kwa kidole.
Umeme ukaenda zake, feni ikajizungusha kwa mazoea, ikaacha.
Akasogea mlangoni penye mwanga, akaendelea.
Nikasikiliza cherehani ya jirani.
Nilijua kinachokuja: binti, una maneno mengi.

"Hapa umesahau," akasema.
"Mimi nina siku za kulipa. Wewe siku zako ziko wapi?
Andika tarehe. Halafu andika:
Nyamizi hatazima simu.
Aliyekutangulia alikula nusu yangu
akahamia Kahama."

Nikaandika. Kalamu ilikuwa nzito.
Sikuwahi kufikiri
kwamba na upande ule wa meza
kuna mtu na chenga zake.

Akaipokea kalamu, akaishika kama kisu.
Hakusaini jina. Akachora mistari miwili
iliyoegemeana, na nukta chini yake,
alama aliyoichonga baba yake kwenye kila mzinga
huko porini Sikonge,
apitaye ajue asali hii ina mwenyewe.

Nikaitazama.
Lebo ndiyo ile. Imekwisha. Imekaa pale chini ya karatasi
kana kwamba ilinitangulia kufika.

Nikafunga mdomo.
Nusu ya kwanza ilikuwa bado mfukoni mwake.