Kilo Sabini

Etabo, panda kwenye mizani ya mgao
kabla karani hajarudi.
Sitini na nane.
Basi, shuka.

Usiku ule wa kutoka Baraka ulinibeba mgongoni,
miguu yangu ikining'inia kama mikono ya shati kambani.
Ukasema, "Huna uzito, Nyassa."
Uongo. Niliyasikia magoti yako.

Hapa Nyarugusu chuma chetu ni bomba la kisima kilichokauka,
makopo ya mafuta ya mgao tumeyajaza zege,
benchi ni la kanisa, Jumapili linarudi.
Mlondani ananifunga miguu kwa kitenge cha mama,
kile kile, chenye tundu la moto.
Chuma kinashuka, kinagusa kifua,
kinasubiri.
"Sukuma!"

Mara tatu nimeshindwa.
Siku moja kopo lilichomoka, likamkimbiza kuku wa jirani,
tukacheka hadi vumbi likatupalia.

Kesho Kasulu, mbele ya waamuzi wenye mashati meupe,
nitaomba sabini.
Wakiuliza kwa nini, nitanyamaza.
Sitini na nane ni wewe.
Mbili ni viatu vyako, vimelowa,
ulivyoviacha topeni kando ya ziwa
kwa kuwa hukuwa na mkono wa kuvishika.