Ndoo Mbili za Mayai

Ukurasa wa tisa, mhojiwa namba ishirini na tatu,
mwanamke, Langoni, umri haukuandikwa:
"Kila siku hununua ndoo mbili za mayai."

Nimeusoma mstari huu mara tano.
Aliyenitangulia aliusoma mara moja,
akachora jedwali la lishe:
kaya za Lamu, alisema, hazikosi protini.
Jedwali likanukuliwa na mwingine,
wa tatu akamnukuu wa pili,
na hakuna aliyeuliza
ndoo ya mayai hubebwaje kichochoroni
punda anapopita na mchanga.

Nikaomba kanda.
Ikaja na ukungu, imefungwa kwa mpira uliooza,
upande A, mwaka themanini na nne,
mwandiko wa Athman Lali.
Kwanza upepo. Kisha mbuzi ya nazi, kra, kra,
haikomi kwa ajili ya utafiti.
Kisha yeye:
"Ndoo mbili za mayi, baba,
na mayi yenyewe ya munyu."

Mayi.
Maji, angeambiwa yule mpiga taipu wa Nairobi
mwenye baridi ya Julai vidoleni
na kanda arobaini zinazomngoja.
Simlaumu. Alipachika a moja tu,
mji wenye kiu ukashiba.

Mimi nimekuja na swali langu, si la Athman.
Yeye alitafuta bei;
mimi natafuta nani alimfungulia nani
mlango wa kisima.
Nampenyezea marehemu swali asiloulizwa,
naye analijibu,
kwa kuwa jibu lilishamponyoka.

Dakika ya thelathini na moja
mbuzi ya nazi inanyamaza.
Sauti inashuka: "Hili usiliandike."
Na taipu, tiifu, imeandika
Hili usiliandike,
kisha mistari sita.

Bintiye, Sauda, hupika mahamri nyuma ya msikiti.
Sikumpa karatasi, nilimpa visikilizio.
Alisikiliza amesimama, viganja vina unga,
akawa anamjibu mamake kwa kichwa.
Pale penye siri nilitazama pembeni.
Akacheka.

"Hiyo mtaa wote ukiiyua!
Akimficha yule kijana tu,
mana aliyekuwa akitunyima mayi
ni mamake."

Basi naweza kuitumia?

Alivua visikilizio, akavifuta unga
polepole, kimoja, halafu cha pili.
"Mamangu alisema usiandike.
Sababu yake ingali hai,
yakaa Mkomani, yavaa miwani.
Kamuulize Athman."

Nimeketi barazani pake, sijabisha.
Mfereji wa ukutani unadondoka
ndani ya beseni ambalo hakuna anayelitazama.
Ukurasa wa tisa nimeufuta ile a kwa penseli.
Mistari sita nimeikunja mfukoni.
Haya nayaandika kabla mlango haujafunguliwa;
ukiyasoma,
jua kwamba alikubali.