Kipini

Nyuma ya mtaa wetu, hapa Kolar, kuna vilima
ambavyo Mungu hana habari navyo.
Ni vya kijivu, mvua imevichana migongo,
na hapaoti hata mbaruti.
Watoto wa shule huvichora kama milima.
Mwalimu huwaacha.

Ni jiwe hili, lililopandishwa
kutoka kina ambako mwamba wenyewe una homa,
likasagwa, likaogeshwa sumu,
likanyang'anywa punje yake,
likamwagwa.
Dhahabu ilipanda meli.
Vumbi likabaki, likatulea.

Mavi ya kale, wanasema, hayanuki.
Haya yalinuka kila mvua.
Na mwezi wa tatu, upepo ukigeuka,
mama aliziba madirisha kwa vitambaa vya maji
na bado wali ulisagika menoni.
Babu Savarimuthu, aliyeshuka na taa
akapanda na kikohozi,
alikohoa miaka kumi na mmoja.
Daktari wa kampuni aliandika: sigara.
Babu hakuwahi kuvuta.

Kaka yangu Kirubakaran alirudi Bengaluru alikoachishwa kazi,
akaenda kilimani na ndoo ya kuogea.
Tukadhani ni fedheha inamsumbua.
Akachanganya: vumbi sehemu nne,
udongo mwekundu wa bwawa sehemu sita,
maji kwa kukisia, kama mama anavyotia chumvi.
Tanuri alilikodi kwa Narasappa, bovu, nusu limeanguka.

Ya kwanza yalipasuka.
Ya pili yalitoka mazima, lakini asubuhi
yalikuwa na utando mweupe usoni,
kama mtu aliyelia usingizini.
Ya tatu mbwa aliyakanyaga yakiwa mabichi
(tunalo moja hadi leo, lina kwato, mama anabisha,
anasema mbwa hana kwato. Basi, lina mbwa).
Ya nne, aligonga moja kwa jingine
na yakalia. Ngaa.
Narasappa, aliyekuwa akicheka tangu Januari,
akainua kichwa.

Mama peke yake hakuja kuangalia.
Alikuwa anachambua dengu.
"Umeyauliza," alisema, "kama yamesahau sumu?"

Kiruba hakumjibu. Akaponda matofali mawili mazuri,
akayalowesha, akapeleka maji yake kwa chupa
kwenye maabara ya chuo, siku nzima kwa basi,
chupa imefungwa ndani ya soksi.
Wiki tatu. Barua ikaja, kurasa nne za tarakimu.
"Imo," akatusomea, "ila haitoki."
"Kama mkwe wa Philomena," akasema mama,
na ndipo nikajua amekubali.

Jioni hiyo kaka alipiga hesabu nyuma ya bahasha.
Wale wazee, alisema, hawakuifuta yote.
Vumbi lina mabaki, kidogo sana,
haimlipi mtu kuyatafuta.
Lakini katika matofali elfu moja, mama,
itakuwemo dhahabu ya kipini kimoja cha pua.

Mama aliacha dengu.
Kipini chake kilikwenda kwa sonara
mwezi ule wa mashine ya oksijeni ya babu.
Tundu halijaziba; huliosha kila Ijumaa
kana kwamba kuna mgeni anakuja.

"Elfu moja," alisema.
"Ukuta wa upande wa upepo. Na usipunje."

Tulijenga kwa miezi miwili, kwa vipande.
Kilima hakikujua kwamba kimepungua:
ni kama kumchota ng'ombe jasho kwa kijiko.
Bado kipo. Bado mwezi wa tatu unakuja.
Ila chumba cha nyuma wali hausagiki tena,
na mama, akichoka mchana,
hukaa chini pale, ameegemea ukuta,
shavu la kushoto kwenye tofali,
upande wenye tundu.