Herufi ya Mwisho

Cradley Heath, uani, kibanda cha matofali
kilichobanwa kati ya choo na ukuta wa jirani:
humo bibi yangu, Zillah Tromans,
alifua minyororo miaka arobaini na mmoja,
akilipwa kwa ratili na dalali
ambaye mizani yake, asema mama, ilikuwa na kwikwi.

Sikumkuta kazini. Nimepokea tu.
Nimepokea kisanduku kilichoning'inia kwenye boriti,
mama yangu ndani yake, mchanga, kafunikwa gunia,
cheche zikipita chini.
Nimepokea namna ya kupima joto:
chuma chekundu bado kinafikiri,
cha manjano kimekubali nusu.
Ngoja kiwe cheupe, ngoja uso wake ulowe,
uteleze kama jiwe la kisimani,
kitoe sauti ndogo, mchemko usio na maji.
Hapo, na hapo tu, nyundo.
Ukichelewa, kimeungua.
Ukiwahi, pete itafumba mdomo isiungane,
na meli italijua hilo siku ya dhoruba.

Kwa kazi hiyo bibi alikuwa na neno moja, well,
lilelile ambalo watu wa kwao huyapa maji
yanayobubujika kutoka chini ya mwamba,
na macho, kabla hayajalia.
Hakuona ajabu.
Chuma huchemka, chemchemi huchemka.

Mama alipofika miaka minane
Bi Pargeter aliwaambia waandike habari za nyumbani.
Mama akaandika jinsi pete mbili zinavyokuwa moja,
akatumia neno la kibandani.
Daftari likarudi na wino mwekundu:
herufi moja, d, imegongomewa mwishoni.
Weld. Hivyo ndivyo wasemavyo waliosoma.

Alilipeleka kwa bibi, mvukuto ukiwa bado unahema.
Zillah hakujua kusoma. Alifuta kidole kwenye aproni,
akakiweka juu ya wekundu ule.
"Hii nini?"
"Herufi niliyosahau."
Akaiinamia kama anayekagua kazi ya mtu mwingine.
"Mbona ni pete," akasema, "imeshikwa kwa koleo."
Akageukia moto.

Mimi nilikwenda maktaba ya Dudley, Jumanne, mvua,
nikafungua kamusi nzito kama fuawe.
Kwanza nikakutana na weld asiye wetu:
mmea wa kutia nguo rangi ya manjano,
jina moja, ukoo mbali,
kama kaa la moto na kaa mwenye magando.
Chini yake, ndiye.
Na nyuma yake, mkubwa wake kwa umri, well:
kuchemka, kufoka, kupanda kutoka chini.
Wasweden nao, waliowauzia Waingereza chuma,
walikuwa na kitenzi kimoja kwa chemko na kwa kiungo.
Na ile d? Huenda, kamusi inasema huenda,
ni mkia wa wakati uliopita.
Mafundi walisema: tayari, imechemshwa.
Wasioshika nyundo wakasikia mkia
wakadhani ni mwili.

Kwa hiyo Bi Pargeter hakudanganya.
Alisahihisha tu neno la kale
kwa kosa ambalo watu wengi walikuwa wamelizoea.

Nilimsomea mama kwa simu. Ana miaka themanini na minane.
Kimya. Nikasikia birika lake jikoni likianza.
"Ningemwambia," akasema,
na sikujua kama alimaanisha mwalimu
au yule mwenye aproni.

Daftari ninalo. Wino umepauka, una rangi ya kutu.
Usiku nalipitishia ukucha neno lile
pale l inapokutana na d,
pale kitendo kilipogandana na kumalizika kwake,
natafuta ufa,
kama bibi alivyokagua kila pete kabla ya kumpa dalali.
Sioni.
Aliyeichemsha alingoja hadi ikawa nyeupe.