Mengineyo

Mimi ndiye katibu. Nina mwandiko unaosomeka,
sina sifa nyingine.
Daftari ni kaunta buku la baba; mbele kuna hesabu zake,
mbili kwa nne, futi kumi na mbili, vipande mia tatu,
nyuma ndiyo tupo sisi.

Kikao kilifunguliwa saa tisa na robo
ndani ya banda la msumeno uliokufa,
kambi ya juu, nje kidogo ya Mafinga,
mvua ya Machi ikipiga bati
mpaka tukawa tunasalimiana kama watu wanaogombana.
Waliohudhuria: kumi na mmoja,
watoto wa waliokuja kupasua mbao,
toka Makete, toka Ludewa, toka Tukuyu.
Kijijini bondeni wanatuita wakuja.
Kitovu changu kimezikwa chini ya paini ile yenye kovu.
Bado ni mkuja.

Agenda ya kwanza, fulana.
Bwana maendeleo kazileta, zote za watu wazima;
Hekima yake ilimfika magotini,
akatembea nayo kama gauni la kipaimara.
Mgongoni: VIJANA NI TAIFA LA KESHO.
Gaitano akauliza, "Kesho saa ngapi?"
Sikuliandika hilo. Niliandika: Wajumbe walishukuru.

Agenda ya pili, kinga.
Bwana maendeleo aliliandika neno kwa chaki, akalipigia mstari,
akawasha pikipiki kabla njia haijawa utelezi.
Tukabaki na neno.
Tweve wa Makete akajigonga kifua: "Kinga ndiyo mimi, kabila zima!"
Tulicheka. Fausta hakucheka.
Alisema kwao kukinga
ni kuning'iniza mbeta chini ya mwanzi uliokatwa
na kusubiri.

Basi tukajua tunazungumzia nini.
Machi ulanzi ni rahisi kuliko sukari.
Baba hutuma mtoto na jagi, mtoto huonja njiani
ajue kama hajapunjwa.
Jumanne Yusto, miaka saba, alikutwa kalala kwenye mabanzi,
jagi katikati ya magoti, mvua inamwingia sikioni.

"Aliuziwa wapi?" mwenyekiti aliuliza.
Kila mtu akatazama viatu vyake.
"Kwa mama yangu," Otilia akajijibu. "Andika, katibu."
Nikatikisa kalamu kana kwamba wino umegoma.
"Andika."

Jioni alinichukua niwe shahidi.
Mama yake hakuacha kumimina.
"Na hizo ada zako nalipa kwa nini? Kwa maombi?"
Otilia hana jibu la hilo mpaka leo. Mimi pia.
Alichofanya ni kumpokea Yusto jagi kabla halijajazwa,
akavaa gambuti zilizokuwa mlangoni, zote mbili za kushoto,
akampandisha mtoto kilima
na kubisha hodi kwa fundi wa msumeno.
"Baba Yusto, jagi lako hili. Mtoto wako huyu.
Vyote ni vyako, ila usivichanganye."

Aliitwa mkuja na mkuja mwenzake.
Hilo nimeliandika.

Siku tisa mama na binti hawakusemezana.
Ya kumi nilipita pale nimetumwa chumvi,
nikamsikia mama akimwambia mtoto mwenye kidumu:
"Kamwambie baba yako ana miguu."
Azimio limepita, basi,
na aliyelipitisha hajawahi kukanyaga kikaoni.
Wengine bado wanatuma. Kuna duka la pili, huko chini ya mkorongo.

Kikao kilichofuata Yusto alikuja peke yake,
akakalia banzi, akadai aandikwe.
Nikamweleza, wajumbe ni kuanzia miaka kumi na miwili.
Akauliza pale chini pana nini, pale pa mwisho.
Nikamsomea: Mengineyo.
"Niweke hapo."

Nimemweka hapo. Jina lake limevuka mstari
likaingia kidogo kwenye mbao za baba.